Mpwa wangu kaambiwa atoke uwanjani kisa ni msichana, mi mjomba nisimame na nani?

Shikamoo Mwalimu,

Mi ni msomaji wako niko Masasi, nauza spea za pikipiki mjini hapa, nina miaka 34. Naomba usiweke jina langu maana mji wetu mdogo na habari hii kila mtu anaijua.

Dada yangu mkubwa ana binti wa miaka 14, kamaliza fomu wani. Baba yake waliachana zamani yuko Dar huko, na kama unavyojua sisi watu wa kusini mtoto wa dada ni wa mjomba, daftari mimi, sare mimi, akiumwa mimi, akivunja kioo cha jirani naitwa mimi dukani. Sasa huyu mtoto anacheza mpira Mwalimu. Simaanishi anarukaruka, anacheza. Alianzia kwenye chandimu na kaka zake nyuma ya nyumba, saivi ni winga wa kulia wa timu ya mtaa ya watoto wa chini ya miaka 15, msichana peke yake kwenye timu nzima, na jezi namba 7 walimpa wavulana wenyewe bila kulazimishwa na mtu.

Desemba hii shule zilipofungwa na hela ya korosho imeshaingia mifukoni, mnunuzi mmoja akatoa mbuzi na seti ya jezi ikaanzishwa ndondo ya watoto. Timu yetu ikaenda mpaka nusu fainali na mtoto alicheza mechi zote hakuna aliyesema kitu. Siku ya nusu fainali dakika za mwishomwisho bado ni moja moja, akapokea mpira pembeni kule kwenye mkorosho ambako vumbi ndo jingi, beki akamjia mzimamzima, akampiga tobo, akaufuata mpira upande wa pili akamwaga kati, fowadi wetu akamalizia kwa kichwa. Watu wakaingia uwanjani kwa furaha. Hapohapo kocha wa wenzetu naye akaingia anapunga daftari, anakata rufaa, eti tumechezesha mwanamke.

Mechi ikasimama. Kamati ikaenda kukaa chini ya mkorosho, wanaume watupu, wakaongea kama nusu saa wakarudi na maamuzi. Goli limefutwa, msichana atoke, mechi imaliziwe, na mwakani hakuna kusajili msichana. Mmoja akaongeza kwa sauti kila mtu asikie kwamba huyu ni mwanamke mzima kabisa anagusanaje na watoto wa kiume. Mtoto alikuwa kakaa chini kwenye kibendera cha kona, anafungua kamba za daluga, anazifunga tena, anazifungua, anazifunga tena. Hakulia. Tukatolewa kwa penati.

Nyumbani sasa ni vita. Mama yake anasema bora, ilikuwa inamnyima usingizi kila akisikia mwanae anapigana vikumbo na wavulana na watu wanaangalia. Bibi yake anasema mtoto ameshatoka unyagoni tangu mwaka juzi, mwali hakimbizani na wavulana, basi. Kocha wake anataka nikapambane na kamati. Na kijiweni hapa vijana wanasema wanawake si wanataka usawa, basi ziondolewe hizo timu za wanawake wacheze na wanaume kila kitu tuone.

Ila kilichonifanya niandike ni swali lake mwenyewe. Mwezi wa tisa shuleni kwao walikimbia mita 1500, mwalimu hakuwa na muda akawachanganya wote pamoja. Akawa wa kwanza kwa wasichana lakini wa tisa kwa ujumla, na baadhi ya wavulana waliompita ni walewale ambao darasa la sita alikuwa anawaacha mbali. Akaniambia mjomba, mwili wangu umeanza kuniangusha? Kama mimi sio sawa na wao basi kamati walikuwa sahihi. Na kama niko sawa na wao mbona kila mahali kuna timu ya wanaume na timu ya wanawake?

Nilimwambia tutaongea, na mpaka leo hatujaongea. Mwalimu nisaidie, wanaume na wanawake washindane pamoja au wasishindane? Na mi nisimame na nani?

Mjomba, Masasi

MWALIMU ANAJIBU

Marahaba mwanangu. Nianze na kamati maana hapo ndo damu imenichemka.

Nimefundisha michezo kwenye shule za Lindi mpaka nimestaafu na rufaa nimezisikiliza nyingi sana. Rufaa inakatwa kwa kanuni. Sasa katafute lile karatasi la kanuni za ndondo yenu ulisome kwa macho yako. Kama limeandikwa wavulana chini ya miaka 15, kamati wana pa kushika, japo walitakiwa kumkataa siku ya usajili wakati jina lake linaandikwa kwenye fomu, sio siku ya nusu fainali. Kama limeandikwa watoto au vijana chini ya miaka 15 basi mpwa wako alikuwa mchezaji halali toka mechi ya kwanza, na lile lilikuwa goli. Mechi zote zile walimwangalia anacheza wakanyamaza, wakaja kukumbuka ni msichana baada ya kumpiga mtu tobo. Angekuwa anapoteza mpira kila akiupata hakuna kocha angeingia uwanjani na daftari, na mtoto mwenyewe anajua hilo, ndo maana alikuwa anafunga na kufungua zile kamba.

Na yule aliyemuita mwanamke mzima mbele ya watu, huyo mfuate peke yake, kwa heshima lakini mfuate. Mtoto wa miaka 14 mwili wake haujadiliwi na wazee uwanjani.

Sasa swali la mtoto, na hapa nakuomba umjibu ukweli mtupu usimbembeleze, maana ni mchezaji, wachezaji wanajua ukiwadanganya.

Mpaka watoto wanafika miaka 11 au 12 hivi, mvulana na msichana kwenye mbio na mpira wanapishana kidogo tu, anayemshinda mwenzie ni yule mwenye kipaji au mwenye mazoezi mengi zaidi. Halafu balehe inaingia. Mwili wa mvulana unaanza kutengeneza homoni inayoitwa testosteroni kwa wingi kuliko wa msichana mara nyingi sana, na hiyo inamuongezea misuli, mifupa inarefuka na kunenepa, moyo na mapafu vinakuwa vikubwa zaidi, hata damu yake inabeba oksijeni nyingi zaidi kwasababu himoglobini imepanda. Msichana naye anakua ila mwili wake unaelekea kwingine, nyonga zinapanuka, mafuta yanaongezeka kidogo. Kwahiyo wale wavulana wa darasa la sita wamempita kwasababu wao wamepandishwa, yeye hajashuka. Mwambie achukue muda wake wa mita 1500 wa mwaka jana aulinganishe na wa mwaka huu. Kama umepungua basi mwili wake haujamuangusha hata kidogo, uko kazini.

Na hiyo tofauti haiishi kwa kujituma. Usain Bolt alikimbia mita 100 kwa sekunde 9.58 pale Berlin mwaka 2009. Rekodi ya wanawake ni sekunde 10.49 ya Florence Griffith-Joyner, imewekwa mwaka 1988 na mpaka leo hakuna mwanamke aliyeivunja. Huko Marekani kuna vijana wa kiume bado wako sekondari wanaokimbia chini ya 10.49 na hakuna anayewajua nje ya nchi yao. Sasa fikiria Olimpiki iwe na mita 100 moja tu ya watu wote, mwanamke mwenye kasi kuliko wote duniani hafiki hata karibu na fainali. Kwenye kukimbia tofauti ni kama sehemu moja ya kumi hivi, kwenye kuruka inaongezeka, kwenye kunyanyua vitu vizito na kupiga ngumi inakuwa kubwa zaidi. Mbona kwenye ndondi wanaume kwa wanaume wanatenganishwa kwa uzito na hakuna anayesema yule wa uzito mdogo sio bondia? Maana ya kutenganisha ni kwamba watu ambao wangefunikwa nao wapate kushindana kweli.

Hapo sasa wageukie hao vijana wa kijiweni. Waulize wanamjua Magdalena Shauri? Mtanzania mwenzetu, Septemba 2023 alishika nafasi ya tatu kwa wanawake kwenye marathoni ya Berlin kwa saa 2:18:41. Barabara aliyokimbia ni ileile ya wanaume, siku ileile, na aliwaacha nyuma maelfu ya wanaume, ila matokeo yanapangwa mara mbili, ya wanaume na ya wanawake. Yangepangwa kwenye orodha moja asingekuwepo jukwaani na sisi tusingesikia habari yake. Au Serengeti Girls, wale mabinti wa chini ya miaka 17 waliokwenda Kombe la Dunia India mwaka 2022, wakaifunga Ufaransa 2-1 wakafika robo fainali. Wangeambiwa wakagombee namba na Serengeti Boys ni wangapi wangepanda ile ndege? Vijana wanajua jibu, ndo maana wanapenda kulisema hilo neno la usawa kwa kukomoa. Usawa ambao wanawake wanaudai kwenye michezo ni uwanja, kocha, mipira, jezi na muda wa kufanya mazoezi kama wenzao wanavyopata, hakuna mwanamke aliyeomba kupigana ngumi na mtu wa kilo 90.

Kwahiyo kwa watu wazima msimamo wangu uko wazi, mashindano yenye nguvu na kasi ndani yake wanawake wawe na ya kwao. Ila usikimbilie kusema basi kamati walikuwa sahihi. Hawakuwa sahihi, na sababu zangu ni mbili.

Ya kwanza ni umri. Mpwa wako ana miaka 14, yuko katikati ya hayo mabadiliko, wapo wavulana wa 14 ambao bado ni wadogo kuliko yeye na wapo ambao wameshakuwa wababa. Uingereza chama chao cha mpira kinaruhusu wasichana kucheza na wavulana kwenye timu za vijana mpaka chini ya miaka 18. Uholanzi mwaka 2020 walienda mbali zaidi, wakaanza kwa majaribio kuruhusu mwanamke mtu mzima acheze kwenye timu ya kwanza ya wanaume ya klabu yake ya ridhaa kama uwezo anao. Na nchi zote mbili zina ligi za wanawake zenye nguvu kweli. Yani hivi, timu ya wanawake haipokei wanaume ili wanawake wasifunikwe. Timu ya wavulana haina sababu hiyo. Msichana akiingia pale hamfuniki mtu, kama hana uwezo kocha atamuweka benchi kama anavyomuweka mvulana yeyote asiye na uwezo, na kama anao basi anao. Kitu pekee cha kuangalia ni asiumie, na hilo nitalirudia hapo chini.

Ya pili ndo inayoniuma zaidi. Kwenye Olimpiki ya Barcelona mwaka 1992 kulikuwa na shindano la kupiga risasi sahani za udongo zinazorushwa hewani, na lilikuwa wazi kwa wote, wanaume kwa wanawake. Akalishinda mwanamke wa China anaitwa Zhang Shan, akachukua dhahabu wanaume wakiwa chini yake. Olimpiki iliyofuata, Atlanta 1996, lile shindano likawa la wanaume tu, na la wanawake halikuwepo. Halikuwepo kabisa, yani bingwa wa Olimpiki yuko hai, bunduki anayo, Olimpiki ile hana pa kuitumia. Shindano la wanawake likaja kuanza Sydney mwaka 2000.

Sasa niambie, Masasi kuna ndondo ya wasichana chini ya miaka 15? Kwenye kata yenu kuna timu hata moja ya wasichana ambayo wale wazee wa kamati walimwelekeza mtoto kwamba binti, hapa sio mahali pako, kesho saa kumi nenda pale wenzako wanafanya mazoezi? Kwenye barua yako sijaiona. Wangekuwa na pa kumpeleka ningesema sawa tubishane kuhusu umri. Lakini kumtoa mtoto uwanjani halafu hakuna uwanja mwingine, hapo hamjatenganisha chochote, mmemfukuza mchezoni. Na hili ndo nataka ukaliseme mbele ya kamati, useme hivohivo, kwamba siku mkianzisha ya wasichana mi mwenyewe namleta, na mpaka siku hiyo anacheza hapa.

Kuna watu wataniuliza mbona wapo wanaochanganya na mambo yanaenda. Wapo, ila angalia walivyochanganya. Riadha ina kupokezana vijiti mita 400 kwa wanne, wanaume wawili na wanawake wawili timu moja, Olimpiki iliingia Tokyo na Poland ndo walichukua dhahabu. Kuna mchezo wa Waholanzi unaitwa korfball, ulibuniwa mwaka 1902, unafanana na netiboli, wanne wanaume wanne wanawake, na mwanaume anamkaba mwanaume mwanamke anamkaba mwanamke. Marathoni ya Los Angeles waliwahi kuwapa wanawake bora watangulie kwa dakika kadhaa halafu wanaume wawafukuzie, anayefika mstarini kwanza anachukua bonasi. Kwenye kupanda farasi wanashindana pamoja moja kwa moja kwasababu nguvu kubwa ni ya farasi. Kila mahali palipochanganywa vizuri mtu alikaa akafikiria kanuni kwanza. Yule mwalimu wa shule kuwachanganya kwenye mita 1500 kwasababu hana muda sio kosa la jinai, ila angeandika matokeo mara mbili, na mpwa wako angerudi nyumbani akijiita wa kwanza badala ya wa tisa.

Sasa nyumbani, na hapa uende taratibu.

Dada yako usimbeze na usimwambie amepitwa na wakati. Anachokiogopa ni kitu cha kweli. Mtoto anabadilika mwili, anacheza na wavulana ambao nao wanabadilika, kuna kukumbatiana goli likiingia, kuna watu pembeni midomo haifungwi, kuna kusafiri mechi za ugenini kwenye kirikuu. Mjibu kwa vitendo. Anabadilishia nguo wapi? Siku zake zikimkuta uwanjani nani ana pedi? Akienda Newala au Nachingwea kucheza anaongozana na nani? Kama majibu ni hakuna na hatujui, dada yako ana haki ya kukosa usingizi. Tafuta mwanamke mtu mzima, shangazi, mwalimu wa kike, mama wa mchezaji mwenzie, awepo kila mazoezi na kila safari, na kocha asibaki na huyo mtoto peke yake mahali popote, sio kwasababu ni mtu mbaya, ni utaratibu na kocha mwenye akili ataufurahia kwasababu unamlinda na yeye. Mavazi ni jambo dogo, avae taitsi ndefu ndani ya kaptula, na kama mama yake anataka afunike kichwa afunike, sheria za mpira ziliruhusu rasmi kufunika kichwa tangu mwaka 2014, hakuna refa wa kumtoa kwa hilo.

Bibi nenda na kilo ya sukari ukakae naye mkekani. Mi mwenyewe nimetoka unyagoni hapahapa Lindi na nawaheshimu makungwi mpaka leo. Nilifundishwa usafi, kujitunza mwili wangu, kujua siku zangu, kuheshimu wakubwa, kutochezewa na mtu. Hayo yote mpwa wako anaweza kuyashika akiwa na mpira mguuni, na hilo la kutochezewa linamfaa zaidi akiwa uwanjani kuliko mahali pengine popote. Halafu mkumbushe bibi kitu ambacho labda alikisikia redioni akiwa msichana, mwaka 1965 kwenye michezo ya Afrika kule Brazzaville binti wa Kitanzania, Theresia Dismas, alirusha mkuki akarudi na medali ya fedha. Miaka ile. Mtoto wa kike wa nchi hii kukimbia na kurusha mbele za watu halijaanza na mjukuu wake. Usibishane naye, muache akae nalo, atakuita mwenyewe.

Kuhusu kuumia nilisema nitarudi. Wasichana wanaumia magoti kirahisi kuliko wavulana, zile kano za ndani ya goti zinazoshikanisha mifupa zinakatika hata bila kugongwa na mtu, anageuka tu au anatua vibaya. Kocha ampe mazoezi ya kuruka na kutua, kila akitua goti lielekee mbele lisiingie ndani, dakika kumi kabla ya mazoezi na timu nzima ifanye naye. Na umwangalie kwa macho ya mjomba sio ya shabiki. Siku utakayoona anakwepa kugombania mipira aliyokuwa anaigombania, au kila mechi anatoka anachechemea, ujue uzito wa wenzie umeshamzidi na muda wa kuhama umefika. Kwa wengi huwa ni kwenye 15, 16. Hiyo siku isiwakute hamna pa kwenda, na ndo maana kazi yako kubwa kwa mwaka huu mwanangu ni kutengeneza hapo pa kwenda.

Anzia shuleni. UMISSETA, ile michezo ya shule za sekondari, ina mpira wa miguu wa wasichana, fomu tuu anaruhusiwa kabisa, na mashindano ya kitaifa yalishafanyika Mtwara yenyewe mwaka 2019 na 2021 kwahiyo walimu wa michezo wa mkoa wenu wanaujua huo mlolongo vizuri. Shule ikifungua tu nenda kamuone mwalimu wake wa michezo, muulize timu ya wasichana ya shule ipo au jina tu. Kama hakuna wachezaji mwambie aangalie netiboli, pale kuna mabinti wana kasi, wanaruka, wanajua kukaa kwenye nafasi, mkifundisha miguu kwa miezi michache mnapata timu. Mpwa wako ndo awe wa kwanza kuwafundisha.

Na hata akishapata timu ya wasichana asiache kufanya mazoezi na wale wavulana wake. Timu nyingi za wanawake duniani zinacheza mechi za mazoezi na vijana wa kiume makusudi kabisa. Hata kwenye marathoni mwanamke akikimbia na wanaume barabarani wanamvuta, ndo maana chama cha riadha cha dunia kinaweka rekodi mbili za wanawake, ya mbio mchanganyiko na ya wanawake watupu. Tigst Assefa wa Ethiopia, aliyeshinda ileile Berlin ya Magdalena, alikimbia 2:11:53 siku ile akiwa na wanaume barabarani, na rekodi ya wanawake watupu aliyoiweka London mwaka 2025 ilikuwa 2:15:50. Kwahiyo wale wavulana waliompa namba 7 ni mali, watamvuta. Mazoezi achanganyike nao mpaka anachoka, kombe agombanie na wasichana wenzie timu ikishakuwepo.

Kesho muite hapo dukani umwambie haya, yote, na hilo la homoni usilirukie kwa aibu. Halafu wewe na kocha wake mkaonane na afisa michezo wa halmashauri mkiwa na nakala ya kanuni, muombe kanuni za ndondo za watoto ziandikwe upya kabla ya msimu, umri utajwe, na neno msichana liandikwe waziwazi anaruhusiwa mpaka miaka mingapi. Na yule mnunuzi wa korosho mfuate mapema, mwezi wa nane au wa tisa, kabla minada haijaanza maana baada ya hapo hatapata nafasi ya kukaa na wewe. Muombe Desemba ijayo atoe mbuzi wawili, mmoja wa wavulana na mmoja wa wasichana, na mbuzi wawe saizi moja.